Kalamu ya Hamani

Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni katika kipindi chetu cha ibada. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale walioomba kuyasoma taratibu nyumbani.

 

Juma lililopita tulikuwa katika Kitabu cha Esta, na bila shaka mngali mnamkumbuka Hamani, yule mtu mkubwa wa milki ya Ahasuero aliyekusudia kuwamaliza Wayahudi wote kwa sababu mmoja wao, Mordekai, alikataa kumwinamia. Tuliona kwamba Hamani hakuanza kwa upanga. Alianza kwa maneno ya chini chini kwa mfalme. Kisha akapewa pete ya muhuri. Kisha makarani wakaitwa, barua zikaandikwa kwa kila jimbo na kwa kila lugha, na matarishi wakaondoka mbio. Siku yenyewe ya kuua iliwekwa mbali, miezi 11 mbele. Katikati hapo palikuwa na kazi ya wino tu.

Baada ya kipindi kile vijana wa kanisa moja walitujia na swali. Walisema, Hamani alikuwa mtu wa Uajemi asiyemjua Mungu. Lakini Wajerumani walikuwa Wakristo, walikuwa na Biblia katika kila nyumba, na kwao ndiko walikotoka Krapf na Rebmann. Iliwezekanaje watu wa namna hiyo wakaua Wayahudi milioni 6?

Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Tulikwenda tukasoma, na leo twawaletea kile tulichokiona. Wenye watoto wadogo karibu na redio wafikiri kidogo, kwa maana mengine ni mazito.

Kwanza, vijana wamesema kweli kuhusu Krapf na Rebmann. Wote wawili walitoka Württemberg, jimbo la kusini mwa Ujerumani lililojulikana kwa watu wake wa kusoma Biblia na kuomba. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, Rebmann akamfuata mwaka wa 1846, na kazi yao pale Rabai twaijua. Likumbukeni jina hilo la Württemberg, tutalirudia.

Watu wengi hufikiri kwamba Hitler alishika serikali leo, na kesho yake akaanza kuwaua Wayahudi. Sivyo. Alifanywa Kansela, yaani mkuu wa serikali, tarehe 30 Januari 1933. Kambi ya kwanza iliyowekwa kwa kazi ya kuua Wayahudi kwa gesi, ile ya Chełmno katika Polandi, ilianza tarehe 8 Desemba 1941. Kati ya siku hizo mbili ni karibu miaka 9. Mtoto aliyezaliwa Hitler alipoingia alikuwa amekwisha kujua kusoma na kuandika. Katika miaka hiyo njia ilitengenezwa kidogo kidogo, na kila hatua ilipopita bila kelele, ya pili ilikuwa rahisi zaidi.

Wayahudi wa Ujerumani wenyewe hawakuwa wengi. Walikuwa kama 500,000, hawakufika hata mmoja katika kila watu 100. Wazee wao walikuwa wamekaa nchini tangu zaidi ya miaka 1,000. Walikuwa madaktari, wauza nguo, wafanyi biashara ya ng'ombe, walimu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wayahudi kama 12,000 walikufa wakiipigania Ujerumani.

Wala chuki haikuanza na Hitler, na hapa hapana budi tuseme jambo linalotuchoma sisi Waprotestanti. Kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya waliwaita Wayahudi wauaji wa Kristo, wakawafungia mitaa yao, wakawafukuza nchi hata nchi. Naye Martin Luther, ambaye twamshukuru Mungu kwa ajili yake katika mengi, mwaka wa 1543 aliandika kitabu kibaya mno juu ya Wayahudi, akishauri masinagogi yao yachomwe na nyumba zao zibomolewe. Tofauti ilikuwa moja: katika siku za Luther Myahudi akibatizwa alihesabiwa kuwa Mkristo, mambo yakaisha. Wanazi walisema hata ubatizo hauondoi Uyahudi, kwa kuwa umo katika damu.

Sasa tazameni jinsi walivyoanza. Jumamosi ya tarehe 1 Aprili 1933 waliwaweka watu wao wenye sare milangoni mwa maduka ya Wayahudi, kuwazuia wanunuzi. Siku ile haikufanikiwa sana. Baadhi ya wanunuzi waliingia tu, wengine kwa sababu walikuwa wakimjua mwenye duka, wengine kwa sababu walitaka kitu chao. Mambo ya mabavu yalikwisha siku ile ile. Lakini Ijumaa iliyofuata, tarehe 7 Aprili, ikatoka sheria ya watumishi wa serikali. Ilisema asiye wa ukoo wa Kijerumani, au kama walivyopenda kusema, asiye Mwariani, asiwe mtumishi wa serikali. Walimu, mahakimu, makarani wakapewa barua za kuachishwa kazi. Siku chache baadaye wakaeleza kwamba hata babu mmoja wa Kiyahudi yatosha. Sheria hii haikuhitaji kumpiga mtu. Barua zilikuja kwa posta.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo halisimuliwi sana, nalo ndilo lililotunyima usingizi.

Wanazi walihubiri damu. Lakini hakuna daktari wala chombo kinachoweza kutazama tone la damu na kusema, hili ni la Myahudi na hili ni la Mjerumani, kwa kuwa tofauti hiyo haimo. Basi serikali ingemjuaje Myahudi, hasa yule ambaye wazazi wake walikwisha kubatizwa, na yeye mwenyewe anaimba katika kwaya ya kanisa? Ilikwenda kutazama vitabu vya kanisa. Mtumishi wa serikali, na baadaye watu wengine wengi sana, walitakiwa kuonyesha vyeti vyao wenyewe, vyeti vya wazazi wawili, na vyeti vya babu na bibi wanne. Sasa, serikali ilikuwa imeanza kuandikisha vizazi katika Ujerumani yote mwaka wa 1876 tu. Kwa bibi aliyezaliwa kabla ya hapo, kitabu kilichokuwapo kilikuwa kitabu cha ubatizo, kikikaa katika kabati ya mchungaji.

Basi maombi yakaja makanisani kama mvua ya masika. Mchungaji au karani wake alifungua kitabu cha zamani, akatafuta jina, akanakili, akapiga muhuri. Bibi aliyebatizwa akiwa mchanga, mtoto wa wazazi Wakristo, alikuwa ushahidi mwema kwa wajukuu wake. Lakini pale palipoandikwa kwamba fulani, mtu mzima, alibatizwa akitoka katika dini ya Kiyahudi, pale palikuwa hatari. Fikirini, ndugu. Siku ile alipobatizwa pengine kanisa lilishangilia, mchungaji wa wakati huo akaandika kwa furaha. Miaka 80 baadaye mstari ule ule ukamwondoa mjukuu kazini, na baadaye ukampandisha katika gari la moshi.

Wachungaji wengi walilalamika, lakini walilalamika kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Wengine waliifanya kwa moyo. Mjini Berlin mchungaji mmoja, Karl Themel, alisimamia ofisi iliyofunguliwa mwaka wa 1936 kukusanya vitabu vya makanisa ya mji. Majina yaliandikwa kwenye kadi, kadi za Wayahudi waliobatizwa zikatengwa, na habari zao zikapelekwa kwenye ofisi ya serikali iliyochungua koo za watu. Hakuwa askari wala polisi. Tunasema haya tukijua kwamba wengi wanaotusikiliza ni makarani wa makanisa, wenye funguo za kabati kama zile.

Sheria za Nuremberg, zilizotolewa tarehe 15 Septemba 1935, zilikaza fundo. Myahudi hakuwa tena raia kamili. Hakuruhusiwa kuoa wala kuolewa na Mjerumani, wala kumwajiri nyumbani mwanamke wa Kijerumani aliye chini ya miaka 45. Miezi miwili baadaye wakaeleza Myahudi ni nani: ni yule mwenye mababu watatu au wanne wa Kiyahudi. Na babu wa Kiyahudi ni nani? Ni yule aliyekuwa mshiriki wa dini ya Kiyahudi. Mnaona? Walijisifu habari za damu, lakini mwisho wa yote walirudi kwenye vitabu vya dini.

Na kanisa lilisema nini? Kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani lilishangilia. Mwezi wa Novemba 1933 walikusanyika watu kama 20,000 katika ukumbi mkubwa wa Berlin, na msemaji wao akataka Agano la Kale litupwe kwa kuwa ni la Kiyahudi. Miezi miwili kabla ya hapo, sinodi ya kanisa kubwa la Prussia ilikuwa imeipokea sheria ya serikali, kwamba mchungaji wa asili ya Kiyahudi asiwe na kazi kanisani. Ndipo Martin Niemöller na wenzake wakaunda umoja wa wachungaji wa kupinga, na mapema mwaka wa 1934 wakawa zaidi ya 7,000. Hao walikuwa watu imara na baadhi yao walifungwa. Lakini wengi wao walikuwa wakilitetea kanisa lisitawaliwe na chama, na wakiwatetea Wayahudi waliobatizwa. Jirani asiyebatizwa, yule mwenye duka la vitambaa mkabala wa kanisa, huyo hawakumtaja. Tamko la Barmen la Mei 1934, ambalo mpaka leo husomwa kwa heshima, halina neno hata moja juu ya Wayahudi. Dietrich Bonhoeffer alikuwa ameandika mapema katika mwaka wa 1933 kwamba kanisa lina deni kwa kila anayeonewa na serikali hata kama si wa kanisa. Alikuwa na umri wa miaka 27, na waliomsikiliza walikuwa wachache.

Tufike mwaka wa 1938. Mwaka ule kalamu haikupumzika. Mwezi wa Agosti iliamriwa kwamba kila mwanamume Myahudi ambaye jina lake halitambulikani kuwa la Kiyahudi aongezewe jina Israel, na kila mwanamke Sara. Jina alilopewa Yakobo na jina la mama wa ahadi yakafanywa alama ya aibu. Mwezi wa Oktoba pasipoti zao zikapigwa herufi J nyekundu.

Wayahudi wengi walitaka kutoka. Ilikuwa bado yaruhusiwa, tena Wanazi walitaka watoke, mradi waache mali. Lakini waende wapi? Mwezi wa Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, wakazungumza siku kadhaa. Nchi baada ya nchi ilitoa huruma na udhuru. Hata jina la Kenya lilitajwa pale: mjumbe wa Uingereza alisema koloni hilo laweza kupokea watu wachache. Ni kweli wachache walifika. Walishuka Mombasa, wakapanda gari la moshi, wengine wakawekwa katika mashamba ya wazungu wakiwa mawakili na wafanyi biashara wasiojua jembe. Vita vilipoanza mwaka wa 1939 serikali ya kikoloni iliwakamata wanaume wao na kuwafungia, ikisema ni raia wa nchi adui. Wamemkimbia Hitler, kisha wanafungwa kwa kuwa wametoka kwa Hitler. Wazee wetu waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba yale waliyaona hayo kwa macho yao.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa Ujerumani yote, zaidi ya 1,400 yakaharibiwa. Maduka kama 7,500 yalivunjwa. Wanaume Wayahudi kama 30,000 walichukuliwa kambini Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Kisha serikali ikawatoza Wayahudi wenyewe faini ya marki bilioni moja. Askofu mmoja wa Thuringia, Martin Sasse, alichapa kijitabu chenye maneno ya Luther ya mwaka wa 1543, akifurahi kwamba masinagogi yanawaka karibu na siku ya kuzaliwa kwa Luther.

Sasa turudi Württemberg, nchi ya Krapf. Katika kijiji cha Oberlenningen palikuwa na mchungaji, Julius von Jan. Siku ya Toba, tarehe 16 Novemba 1938, alipanda mimbarani na somo lake lilikuwa Yeremia sura ya 22, pale nabii anapoiita nchi mara tatu isikie. Alisema waziwazi kwamba nyumba za ibada za watu wengine zimechomwa, watu wasio na kosa wamekamatwa, na kwamba Mungu atalidai taifa. Siku 9 baadaye likaja kundi la watu kwa malori, wakamtoa, wakampiga vibaya mbele ya nyumba yake, akatiwa gerezani. Mahakama ilimhukumu miezi 16. Na askofu wake, Theophil Wurm? Mwezi uliofuata alimwandikia waziri wa sheria akilalamikia fujo, lakini akaongeza kwamba haikatai haki ya serikali ya kupigana na Wayahudi kama jamii ya hatari. Baadaye Wurm alibadilika, na mwaka wa 1943 aliandika barua kali kwa serikali juu ya mauaji. Wakati huo Wayahudi wengi wa Ulaya walikuwa wamekwisha kufa.

Vita vilianza tarehe 1 Septemba 1939. Polandi ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni 3, na wengi wao sasa wakawa mikononi mwa Wanazi. Walisongwa katika mitaa iliyozungushiwa ukuta. Katika ule wa Warsaw walifungiwa watu zaidi ya 400,000, wakawa wakifa kwa njaa na homa ya chawa.

Lakini gesi haikutumiwa kwanza kwa Wayahudi. Ilitumiwa kwa wagonjwa wa akili na vilema wa Kijerumani. Fomu zilipelekwa katika hospitali na makao ya wasiojiweza, zikajazwa, zikarudishwa Berlin. Pale madaktari ambao hawakumwona mgonjwa hata siku moja walitia alama: msalaba wa kalamu nyekundu maana yake auawe, mstari wa buluu maana yake aishi. Zaidi ya watu 70,000 waliuawa hivyo mpaka Agosti 1941, na jamaa zao wakaandikiwa barua za uongo juu ya ugonjwa uliowaua. Jina la Betheli laweza kuwa si geni kwenu, kwa maana wamisionari wa Betheli ndio waliofanya kazi kwa ndugu zetu wa Usambara na Bukoba. Pale Betheli kwenyewe, kwenye makao makubwa ya wenye kifafa, Mchungaji Fritz von Bodelschwingh alivuta mambo na kubishana na wakubwa ili wagonjwa wake wasichukuliwe, na mwenzake, Mchungaji Paul Braune, alifungwa kwa waraka alioupeleka serikalini. Maaskofu Wakatoliki nao walipaza sauti, na Hitler akaona afadhali aisimamishe kazi ile hadharani. Kwa hiyo sauti iliweza kusikiwa. Tulipofika hapo katika kusoma kwetu tuliweka kitabu chini kwa muda. Watu wale wale waliojua kuendesha gesi walihamishiwa Polandi, na kwa ajili ya Wayahudi hakuna mimbari iliyotikisika namna ile.

Tarehe 22 Juni 1941 Hitler alishambulia Urusi ya Kisovieti. Nyuma ya majeshi walikwenda vikosi maalumu vya kuua. Kwanza waliua wanaume Wayahudi, kisha katika majuma machache wanawake na watoto pia. Pale Babi Yar, bonde lililo kando ya mji wa Kiev, waliua watu 33,771 kwa siku mbili, tarehe 29 na 30 Septemba 1941. Hesabu hiyo yenye mtu mmoja mmoja yatoka katika ripoti ya wauaji wenyewe. Zaidi ya watu milioni moja walikufa kwa risasi namna hii, kando ya mashimo, karibu na vijiji vyao. Mmoja wa wakuu wa vikosi hivyo, Ernst Biberstein, alikuwa mchungaji wa Kilutheri kabla ya kuacha kazi hiyo na kuingia katika ofisi za serikali. Baada ya vita, mahakamani Nuremberg, aliulizwa kama aliwapa neno la faraja waliokuwa wakienda kufa. Alijibu kwa mfano wa Bwana wetu juu ya lulu na nguruwe. Alihukumiwa kufa mwaka wa 1948, hukumu ikapunguzwa, na mwaka wa 1958 akaachiliwa.

Tarehe 20 Januari 1942 wakubwa 15 walikutana katika nyumba nzuri kando ya ziwa la Wannsee, Berlin. Zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada ya udaktari wa chuo kikuu. Mwenyekiti alikuwa Reinhard Heydrich, na Adolf Eichmann alisimamia uandishi wa kumbukumbu. Mbele yao palikuwa na orodha ya nchi za Ulaya na hesabu ya Wayahudi wa kila nchi, jumla zaidi ya milioni 11. Hata Uingereza na Uswisi zilikuwamo. Hawakukutana kuamua kama Wayahudi wauawe, maana mauaji yalikuwa yakiendelea. Walikutana kupatanisha ofisi zao. Kikao kilichukua kama saa moja na nusu.

Baada ya hapo ni reli. Shirika la reli lilidai nauli kwa kila abiria aliyepelekwa kufa: pfennig 4 kwa kilometa, bei ya daraja la tatu. Mtoto wa chini ya miaka 10 alilipiwa nusu, wa chini ya miaka 4 alikwenda bure, na kundi la watu 400 au zaidi lilipunguziwa. Walinzi walikatiwa tiketi za kwenda na kurudi. Katika kambi za Bełżec, Sobibór na Treblinka waliuawa watu kama milioni moja na nusu, wengi wao katika mwaka ule mmoja wa 1942. Pale Auschwitz walikufa watu kama milioni 1.1, na karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi. Katika wale milioni 6 wa jumla, watoto walikuwa kama milioni moja na nusu. Waroma, wafungwa wa vita wa Kirusi, Wapolandi na wengine wengi waliuawa pia, na hatuwasahau.

Mwaka wa 1941, kuanzia tarehe 19 Septemba, kila Myahudi wa Ujerumani aliyepita umri wa miaka 6 alitakiwa kushona nyota ya manjano kwenye nguo yake. Basi Jumapili hiyo Wakristo wa asili ya Kiyahudi wakaingia kanisani na nyota kifuani, na waumini wengine wakauliza kama ni lazima kupiga magoti nao mezani pa Bwana. Katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław katika Polandi, mtumishi mwanamke aliyesomea uchungaji, Katharina Staritz, aliwaandikia wachungaji waraka. Aliwaomba wasiwaache hao wenye nyota, watu wa kanisa wakae nao, hata wakawachukue nyumbani waje pamoja ibadani. Wakubwa wake wa kanisa walimsimamisha kazi. Mwaka wa 1942 alitiwa kambini Ravensbrück. Nayo makanisa 7 ya majimbo, mwezi wa Desemba 1941, yalitangaza kwamba Wayahudi waliobatizwa hawana tena nafasi wala haki kanisani mwao. Hata hapo ilikuwa karatasi.

Mtauliza, je, pangewezekana njia nyingine? Tazameni Denmaki. Jumapili ya tarehe 3 Oktoba 1943 waraka wa maaskofu ulisomwa makanisani kote nchini, kwamba kuwaonea Wayahudi ni kumpinga Kristo. Siku hizo hizo wavuvi, madaktari, wachungaji na polisi waliwavusha Wayahudi usiku kwa mashua mpaka Uswidi, zaidi ya watu 7,000. Waliokamatwa hawakufika 500. Ni nchi ya Kilutheri kama Ujerumani ya kaskazini, yenye katekisimu ile ile.

Baada ya vita, Oktoba 1945, viongozi wa kanisa la Ujerumani walikutana Stuttgart, mji mkuu wa Württemberg, na mbele ya wageni wa makanisa mengine wakaungama kwamba hawakushuhudia kwa ujasiri wa kutosha. Niemöller alikuwapo, Wurm alikuwapo. Katika ungamo lile Wayahudi hawakutajwa. Ilichukua miaka 5 zaidi, mpaka sinodi ya Weissensee ya mwaka wa 1950, kuwataja.

Tumemwacha mtu mmoja makusudi mpaka sasa. Elisabeth Schmitz alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana mjini Berlin, akifundisha dini, historia na Kijerumani. Hakuwa mchungaji wala mke wa mchungaji. Mwaka wa 1935 aliandika waraka mrefu juu ya hali ya Wayahudi: watoto wanavyotengwa darasani, wagonjwa wanavyokataliwa, watu wanavyojiua. Aliliuliza kanisa lake kama nalo litamjibu Mungu kwa jibu la Kaini alipoulizwa habari za Habili. Hakutia jina lake. Alinakili yeye mwenyewe nakala kama 200, akazipeleka kwa viongozi waliokuwa wakijiandaa kwa sinodi. Sinodi haikuzungumza juu yake. Mwaka uliofuata akaongeza maelezo mengine. Baada ya usiku ule wa Novemba 1938 aliacha ualimu, akisema hawezi kufundisha kama serikali inavyotaka, na wakati wa vita aliwaficha Wayahudi nyumbani kwake.

Alikufa mwaka wa 1977. Waliomzika walikuwa watu 7. Kwa muda mrefu waraka wake ulidhaniwa kuwa wa mtu mwingine, mpaka mwaka wa 1999 ilipothibitishwa kwamba ni wake. Na mwaka wa 2004, katika chumba cha chini cha kanisa moja mjini Hanau, mji alikozaliwa, walikuta mkoba wa zamani. Waliufungua, na ndani yake mlikuwa na waraka ule, umeandikwa kwa mkono wake mwenyewe.